Chumba Kina Mwenyewe

Upepo ulianza saa nane mchana, na kufika saa tisa ulikuwa umeshalikunja bati la kwanza juu ya chumba cha cherehani. Mshonaji, binti pekee wa nyumba hiyo, aliinua uso akaona wingu pale palipokuwa na dari, akatoa tusi ambalo mama yake hakumfundisha. Kisha akaanza kubeba. Sare arobaini na mbili za shule, zimebaki vifungo tu, alizihamishia sebuleni kwa mafungu. Sebule nayo ilikuwa inavuja.

Nyumba nzima ilikuwa na chumba kimoja tu kisichoiogopa mvua: cha kaka yake. Kilifunikwa zege, na zege hilo lilitokana na miaka minne ya kukanyaga cherehani, na aliyekanyaga si kaka. Kaka alikuwa ng'ambo, mwaka wa kumi na moja huu. Kila Jumamosi mama alifungua, akafagia, akabadilisha shuka ambazo hakuna aliyezilalia, akafunga, akarudisha ufunguo kifuani. Mtoto wa kiume akirudi, alisema, asikute kwao amesahaulika. Binti yeye alilala kwenye mkeka kando ya cherehani. Aliyepo nani humtandikia?

"Mama, nipe ufunguo."

"Wa nini?"

"Unaniuliza wa nini na ndoo zote zimejaa?"

"Chumba kina mwenyewe."

"Yuko wapi huyo mwenyewe?"

Baba, ambaye miguu ilimgomea tangu mwaka juzi, alikuwa kitini amejifunika nailoni kichwani. "Wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema. "Sisi mgeni haji, na wenyeji ndio hawa tunazama. Mpe mtoto ufunguo, mke wangu."

Mama hakucheka. Msumari uling'oka juu yao na maji yakashuka mzimamzima juu ya sare. Mshonaji alijilaza juu yake azikinge kwa mgongo, na hata hivyo zikaloa. Mama aliona, asingeweza kutoona. Akaingiza mkono kifuani, akatoa simu.

"Ngoja kwanza nimwombe ruhusa."

Mshonaji aliinuka juu ya sare. Jasho lake mwenyewe, leo linaombewa ruhusa kwa mtu asiyewahi kubeba hata ndoo moja ya mchanga! Lakini simu ilikuwa imeshapokelewa, na mama, kwa uzito wa masikio, huongea spika ikiwa wazi.

"Mwanangu, huku dhoruba inatumaliza. Tunaomba tuingie chumbani kwako, mimi na baba yako, mpaka itulie."

"Chumba gani, mama?"

"Chumba chako, baba."

"Kwani nina chumba huko?" Alicheka, wala si kwa ubaya. "Mama, niko kazini. Nitakupigia."

Ikakatika. Baba alivuta nailoni ikamfunika macho. Mama aliendelea kuishika simu sikioni, akiitikia peke yake: "Haya baba. Haya. Nitawaambia." Halafu akageuka.

"Kasema tuingie. Ila kitanda tusikiguse."

Mama alitoa ufunguo, akajaribu mara mbili ukakataa kuingia, binti akauchukua akafungua mwenyewe. Walimburura baba na kiti chake. Ndani kulikuwa kukavu, kunanukia sabuni. Mshonaji alirudi kuzifuata sare, akazimwaga zote juu ya shuka nyeupe, akasimama akimtazama mama yake.

"Zitoe hizo," mama alisema taratibu. "Zitamlowanishia godoro."

Hapo ndipo alipoelewa kwamba alikuwa anashindana na mtu asiyekuwepo, na kwamba mtu wa namna hiyo hashindwi. Angeweza kupiga kelele. Lakini mama alikuwa ameshakaa sakafuni, amelowa chepechepe, mkono mmoja juu ya ukingo wa kitanda, analia bila sauti.

Alizitoa, moja moja, akazitandaza sakafuni.