Uji Chini ya Mgomba

Nilijua baba mkwe hanywi uji wangu siku nilipowaona kuku wamekusanyika chini ya mgomba nyuma ya nyumba yake. Nilikuwa nimeenda kukata majani ya kufunikia nduma zikiiva. Kuku walidonoa kitu kilichokaukia juu ya udongo, rangi yake ya wimbi, na sisimizi walikuwa wamepanga mstari kukifuata. Niliinama nikanusa. Ulikuwa uji wangu wa asubuhi. Niliujua kwa sababu mimi hutia mtama kidogo kama mama yangu, na katika boma lile hakuna mwingine aliyetia mtama.

Sikumwambia mtu. Nilikata majani nikarudi jikoni.

Nilikuwa mgeni pale. Kwetu ni Embu, upande wa chini ambako mahindi hukauka mapema, na Kithinji alinioa akanileta kwao karibu na Mikinduri. Yeye alikuwa na kazi ya kununua miraa kule Laare. Alikuja nyumbani Jumamosi, na Jumapili tukitoka kanisani alishika njia tena. Siku nyingine zote nilikuwa na wazazi wake, na Makandi, dada yake mdogo, na Kathambi, mke wa kaka yake mkubwa, ambaye nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya ua.

Kiembu na Kimeru hufanana lakini si kitu kimoja, na mimi si mtu wa maneno mengi hata kwa lugha yangu. Shule niliiachia darasa la tano. Nikiulizwa jambo nilijibu kwa neno moja nikaangalia chini. Kwetu huyo ni msichana mwenye adabu. Kule nilianza kuona kwamba mtu asiyesema hudhaniwa ana kitu anachoficha.

Kazi niliyopewa kwanza, kwa zamu na Kathambi, ilikuwa uji wa baba mkwe, Mzee Bundi. Ulikuwa uji wa kuchacha. Unga uliloweshwa, ukatiwa ndani ya kibuyu chenye masalia ya uji wa juzi, ukakaa karibu na mafiga mpaka ukaanza kutoa povu na harufu kali, ndipo ukapikwa. Kibuyu hakikuoshwa kwa sabuni hata siku moja. Mama mkwe wangu, Ciakuthii, alikipokea kwa mama mkwe wake, naye alinikabidhi mbele ya watu, nikakipokea kwa mikono miwili.

Siku ya kwanza nilimpelekea mzee uji katika kata, ile nusu ya kibuyu kidogo inayonywewa. Aliishika, akanitazama, akamtazama mkewe. Mama mkwe akasema, "Ni mgeni. Ana haya." Mzee akanywa. Jioni hiyo tumbo lilimshika, akatapika mpaka macho yakawa mekundu. Walisema ni nyama choma aliyokula sokoni. Walisema hivyo mara nyingi, na kila mara walihakikisha ninasikia.

Tangu hapo, nikimpelekea uji alisema, "Weka hapo upoe." Niliweka nikaondoka. Nikirudi nilikuta kata ni tupu, na nilifurahi, mpaka siku ile ya kuku.

Nikaanza kuangalia. Zamu ya Kathambi ilipofika, mzee hakumwambia aweke upoe. Aliupokea akanywa pale pale, akapangusa masharubu. Na niliona jambo. Kabla ya kumpa, Kathambi aligeuka akaelekea ukutani, akaiinamia ile kata kwa muda mfupi, kisha akageuka tena akaitoa kwa mikono miwili. Hakukosa kufanya hivyo hata mara moja. Nilijiuliza anafanya nini pale ukutani. Anatema mate? Anaunong'oneza uji maneno? Kwetu nilikuwa nimesikia habari za wanawake wanaofanya dawa ili mzee wa boma apende chakula chao peke yao.

Siku moja tulikuwa tunaponda ndizi na njahi, yale maharagwe meusi. Kathambi alikuwa na mwiko mkubwa, mimi nashikilia sufuria.

"Binti wa Njoka," akasema. Aliniita kwa jina la baba yangu, kama wote pale. "Kwenu mnatia mtama kwenye uji?"

"Ndiyo."

"Na nini kingine?"

"Wimbi. Mahindi."

"Na kingine?"

"Hakuna."

Akacheka. "Usikasirike. Ni mdomo wangu tu. Wewe ukiulizwa kitu unajibu kama uko kituo cha polisi."

Sikukasirika, lakini niliondoa mkono wangu karibu na chumvi.

Baada ya hapo mama mkwe alianza kuja kuketi jikoni nikipika. Hakuja kusaidia. Aliketi kwenye kigoda akaangalia mikono yangu. Debe la unga lililokuwa jikoni likahamia chumbani kwake. Nikitaka unga niliomba, naye alinipimia mwenyewe. Nikaacha kutia mtama. Uji bado ulikwenda kwa kuku.

Nikaamua kumfumania Kathambi. Nyumba ya mzee ilikuwa ya mbao, na upande wa nyuma mbao mbili zilikuwa zimeachana. Asubuhi ya zamu yake nilichukua mzigo wa kuni, nikazunguka kama mtu anayeenda jikoni, nikaweka jicho kwenye ufa. Kathambi aligeukia ukuta, uso wake ukawa karibu na wangu. Hakutema kitu. Hakusema kitu. Alitia mdomo kwenye kata, akanywa funda moja, akameza, akapangusa ukingo kwa kidole gumba. Basi.

Nilishangaa kuliko kama ningemwona anatia unga wa dawa. Mke wa mtoto anakunywa uji wa mzee kabla ya mzee! Kwetu kumpa mkwe kitu ulichokigusa kwa midomo ni kumtukana, na hata kutafuna mbele yake huwezi. Mama yangu alinifunza hilo kabla sijaondoka, tukiwa tumeketi kando ya mafiga yake: baba mkwe asiuone mdomo wako ukienda. Nikasema moyoni, kumbe Kathambi ni mlafi asiye na adabu, na siku mzee akijua itakuwa zamu ya uji wake kumwagiwa kuku. Niliweka neno hilo la kumwambia Kithinji Jumamosi.

Jumamosi Kithinji hakuja. Alituma neno kwamba atakuja wakati wa wageni wa Makandi. Kijana wa upande wa Kaaga alitaka kumwoa, na wazee wake walikuwa waje kula na kuzungumza.

Katika siku hizo za matayarisho nilikuwa namenya ndizi nyuma ya nyumba, nikawasikia wakwe zangu ndani.

"Wageni wakija, asiguse chakula chao," mzee alisema.

"Watu watauliza."

"Kathambi atagawa. Wakishaondoka, nitamwambia Kithinji amrudishe mkewe kwao kidogo. Tufikirie."

"Kidogo," mama mkwe akasema.

"Kidogo."

Nilikuwa naijua kidogo ya namna hiyo. Kule kwetu yuko jirani aliyerudishwa kidogo, na watoto wake wamekua wakiita nyumba ya babu yao nyumbani. Niliendelea kumenya. Mikono ilinata utomvu wa ndizi, na sikuwa na mtu wa kumwambia isipokuwa Kathambi, na Kathambi ndiye niliyedhani amenifikisha pale kwa maneno yake.

Wageni walifika mchana na shuka mpya na sukari. Mkubwa wao alikuwa Mzee Ikiara, mtu mrefu mwenye koti la mvua ambalo hakulivua. Walikula mukimo wa ndizi na njahi, wakala nyama, Kathambi akienda na kurudi. Mimi nilikuwa jikoni nikichochea moto ambao haukuhitaji kuchochewa. Kithinji alikuwa nje na vijana. Alikuwa amenisalimia bila kunitazama sana, nikajua ameshaambiwa.

Ndipo nilipomsikia Mzee Ikiara. "Bundi, tunasikia mna bibi arusi kutoka Embu. Mmemficha wapi? Au watu wa Embu hawakorogi uji?"

Wageni wakacheka.

"Ana haya," mama mkwe akasema.

"Haya iko usoni. Mkono hauna haya. Sisi tumekuja kuona boma linalotutolea mke, na wake wa boma ndio boma. Tuletewe uji wa mkono wake."

Mzee Bundi angekataa, angekuwa amewaambia wageni kwamba anamwogopa mke wa mwanawe, siku ile ile anayowasifia jinsi nyumba yake inavyolea wanawake. Kisha mama mkwe akatokea kwenye mlango wa jikoni, uso umekunjamana.

"Chukua kibuyu," akasema. "Na usitie kitu."

"Sitii kitu, mama."

Nilikwenda nacho. Macho yangu yaliona miguu tu, viatu vya wageni na miguu mitupu ya baba mkwe. Nilijaza kata nikampa Mzee Ikiara kwa mikono miwili, nikarudi nyuma hatua moja, nikangoja.

Aliishika. Hakunywa.

Nilingoja. Mtu alikohoa. Kathambi alikuwa amesimama mlangoni na sahani za kuosha, na sahani hazikulia.

"Binti," Mzee Ikiara akasema, bila ukali. "Uji huu ni wa moto?"

"Umepoa, baba."

"Umechacha kupita kiasi?"

"Hapana, baba."

"Umejuaje?"

Niliona ile kata bado iko mikononi mwake, imenyooshwa kidogo kuja kwangu. Nikakumbuka siku ya kwanza, baba mkwe akinitazama na uji mkononi. Alikuwa akingoja, na mimi nilidhani ananikagua. Nikakumbuka uso wa Kathambi kwenye ufa, funda moja, kidole gumba. Hakuwa mlafi. Alikuwa akimwonyesha mzee kwamba anachompa anaweza kukinywa yeye mwenyewe, na aligeukia ukuta ili mzee asiuone mdomo wake. Mimi nilikuwa nimeifuata adabu ya mama yangu nusu ya pili, ya kuficha mdomo, na ile ya kwanza, ya kuonja, sikuwahi kuambiwa iko.

Nikaichukua kata kutoka mikononi mwa mgeni. Mtu alivuta pumzi. Niligeukia ukuta, nikanywa. Uji ulipita kooni kwa sauti ambayo nafikiri ilisikika mpaka nje. Nikapangusa ukingo kwa kidole gumba, nikageuka, nikampa.

Mzee Ikiara akanywa mpaka mwisho. "Unahitaji mtama," akasema, akarudisha kata. "Jaza."

Nilizunguka chumba, na kwa kila mtu niligeukia ukuta. Nilipofika kwa baba mkwe nilifanya kama kwa wengine. Aliipokea kata, akaiweka juu ya goti. Nilidhani atasema iwekwe ipoe. Niliangalia vidole vya miguu yake, udongo mwekundu ndani ya kucha. Kisha nilimsikia akimeza, na akameza tena.

Jioni tuliosha vyombo mimi na Kathambi.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. Lilikuwa swali langu la kwanza kwake tangu niolewe.

"Nikuambie nini?"

"Kwamba huonjwa."

Alisimamisha mkono ndani ya maji. "Mtu huambiwa namna ya kupumua? Nilijua kila mahali aliyeleta huonja. Ukimpa mzee kitu bila kuonja, umemwambia wewe mwenyewe hukitaki. Nilidhani una sababu yako."

"Mimi nilidhani unatia dawa pale ukutani."

"Najua ulidhani kitu. Niliona jicho lako kwenye ufa. Nililala vibaya, nikafikiri wewe ndiye unayeninong'onezea maneno kupitia mbao." Akaniminyia kitambaa cha vyombo mkononi. "Jicho moja kubwa kama la ng'ombe."

Alicheka, nami nikacheka. Lakini sikujua, na hata leo sijui, kama kweli hakuwahi kufikiri kwamba huenda sijui. Tumekaa vizuri tangu siku hiyo. Simuulizi.

Hakuna aliyesema samahani. Kithinji aliondoka Jumapili peke yake, na neno la kunirudisha kwetu halikutajwa. Asubuhi ya Jumatatu nilikuta debe la unga limerudi jikoni, na kando yake kikopo cha mtama ambao mama mkwe alikuwa ameutoa sijui wapi. Nyuma ya nyumba ya mzee kuku walikwaruza chini ya mgomba, wakaenda kutafuta mahali pengine.

Makandi alipokwisha kuolewa niliruhusiwa kwenda kuwasalimu wazazi wangu. Mama aliniona nikiwa bado njiani, akaingia jikoni mbio. Nilipoketi alikuja na kata ya uji wa moto wenye mtama, ile harufu niliyoilia miezi yote, akanipa, akaketi mbele yangu aniangalie nikinywa.

Niliishika kata. Mvuke wa uji ulinipanda usoni. Mama alikuwa akitabasamu, na bado niliishika.

"Unangoja nini, Rwamba?" akauliza.

Tabasamu lilikuwa limeanza kumtoka. Alikuwa akiangalia mikono yangu. Nikainamisha kichwa nikanywa haraka, funda kubwa, likaniunguza ulimi.