Bomba la Saitabau

Mimi nikijifunza jambo, kijiji kizima lazima kilijue. Niliporudi Ulaya, ndilo jina la kijiji chetu, kutoka Mikumi, kwenye semina ya siku tatu ya bustani za nyumbani zisizo na kemikali, hakuna jirani aliyepata raha. Nilimkemea muuza nyanya gulioni mbele ya wateja wake. Nilimwambia mwenyekiti wa kitongoji kwamba ananunua sumu kwa hela yake mwenyewe. Nyuma ya nyumba nikatengeneza matuta manne ya mchicha, nikachanganya samadi iliyooza vizuri, nikatandaza nyasi kavu kuzuia unyevu usipotee, na kila aliyepita njiani nilimwita aje aone.

Samadi niliitoa bomani kwa Saitabau, mfugaji anayekaa mwendo wa saa nzima kwa miguu kutoka kwangu. Ndivyo nilivyomfahamu mkewe, Naserian. Alikuwa na mimba ya miezi sita, viganja vyake vyeupe pe, na zahanati walikuwa wamemwambia damu iko chini mno, ale mboga za majani. Sasa kwao mjamzito hupunguziwa chakula, mtoto asije akawa mkubwa akashindwa kutoka. Na mboga za majani, kwa kauli ya mama mkwe wake, Bibi Rutha, ni chakula cha mbuzi.

Nilikwenda mara tatu kumbembeleza yule bibi, Naserian akimtafsiria Kiswahili changu. Mara ya tatu akakubali shingo upande, ila akauliza kama mboga zangu zina dawa. Niliapa. Nikasema katika bustani yangu mimi Letisia halijaingia hata tone moja.

Basi kila Jumanne Naserian akitoka kliniki alipita kwangu, nami nikampa fungu kubwa. Baada ya wiki nne damu ilikuwa imeanza kupanda. Nilijiona daktari.

Wiki ya tano vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, wakavamia mchicha. Semina ilitufundisha dawa yao: majani ya mwarobaini yatwangwe, yalowekwe usiku kucha, yachujwe, maji yake yapulizwe. Mwarobaini ninao uani. Bomba la kupulizia ndilo sikuwa nalo, nikaazima la Saitabau, lile la kubeba mgongoni. Nilimuuliza swali moja tu, kama linavuja. Akasema halivuji. Nikalisuuza mara moja kwa maji, Jumapili jioni nikapulizia matuta yote, na Jumatatu asubuhi nikakuta vidukari wamekufa wote. Mwalimu wa semina alisema mwarobaini unafanya kazi polepole, uvumilie siku kadhaa. Mimi nikadhani nina mkono wa baraka.

Jumanne saa tatu Naserian akachukua fungu lake akaenda. Saa moja na nusu baadaye, Saitabau akasimamisha pikipiki mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Habari za nyumbani?"

"Nzuri. Nimefuata bomba. Leo naogesha ng'ombe, kupe wamezidi."

Bomba lilikuwa tayari mkononi mwangu. "Unaogeshea hili?"

"Hilo hilo, mama. Tangu nilinunue."

Hapo ndipo ningesema. Maneno yalikuwa mdomoni. Lakini niliona aibu, tena aibu kubwa, nikamkabidhi bomba lake, na yeye akaondoka kwenda dukani kununua dawa ya kupe. Nikarudi bustanini, nikainama kunusa majani. Nilijiambia nimelisuuza. Nilijiambia dawa ya kupe iliyobaki humo ilikuwa kidogo. Nilijiambia wataosha mboga vizuri. Kisha nikakumbuka kuwa maji ya pale bomani yanakuja na punda kutoka mbali, na hakuna anayeyachezea kwa kuosha mchicha. Nikakiona akilini kile kitumbo cha Naserian.

Nikampigia Naserian, hapatikani. Nikampigia Saitabau, simu ikaita mpaka ikakata. Nikatoka mbio na kanga moja, nikasimamisha bodaboda, na njia nzima nilimfokea dereva aongeze mwendo, halafu akiongeza namfokea kwa makorongo. Nilikuwa nahesabu: amefika saa ngapi, amekoka moto saa ngapi, mchicha unaiva haraka.

Nilianza kupiga kelele kabla pikipiki haijasimama. "Usile! Naserian, usile!"

Alikuwa amekaa kando ya mafiga, sufuria iko chini, imefunikwa. "Sijala, mama. Mimi nakula jioni."

Nikakaa chini. "Mungu mkubwa. Kwa nini jioni?"

Akaangalia pembeni. "Bibi anakula kwanza. Akishinda mzima mpaka jioni, ndiyo ananiruhusu. Kila Jumanne."

Bibi Rutha alikuwa mlangoni kwake. Bakuli lilikuwa mapajani, tupu.

Nilimwendea, nikainamisha kichwa, nikasema shikamoo, akaitikia marahaba, ndipo nikamwambia nimemlisha dawa ya kupe. Nilisema yote, bomba, vidukari, kiapo changu, na kwamba Saitabau alikuja nikamwacha aondoke bila kumwambia. Naserian alitafsiri kwa sauti iliyozidi kushuka. Bibi hakunifokea. Alitoa ulimi, akaugusa kwa kidole, akasema neno.

"Anasema ulimi una ganzi," Naserian akasema.

Nikampigia Saitabau tena, safari hii akapokea. Nikamwambia alete chupa ya ile dawa zahanati upesi, mama yake ameila, na kosa ni langu. "Nakuja," akasema. Naserian akaenda kuchimba shimo amwage sufuria mbali na mbuzi. Bibi tukampandisha kwenye bodaboda nyuma ya dereva, nami nikakaa nyuma yake nimemkumbatia kiunoni. Alikuwa mwepesi mno. Kila alipokohoa nilihisi ni mimi ninayekufa.

Muuguzi alisoma chupa aliyoleta Saitabau, akauliza amekula kiasi gani, akampima presha, akamlaza, akasema atakaa chini ya uangalizi mpaka kesho. Saitabau alitoka nje, hakunitazama. Nikabaki kwenye kiti kando ya kitanda, macho yangu kifuani kwa bibi, nikihakikisha kinapanda na kushuka.

Alifumbua macho, akanitazama kwa muda. Kisha akasema kwa Kiswahili, ambacho hajawahi kunisemesha hata siku moja:

"Wewe umekula?"

Wiki tano nzima nilikuwa nagawa mafungu, nawaita watu waje waone, na mboga za matuta yale niliyopulizia sikuwa nimetia hata jani mdomoni.

"Hapana, bibi."

"Mtoto bado anataka damu," akasema, akafumba macho tena. "Jumanne utaleta mboga. Utakula wewe, mimi nitakaa nakuangalia mpaka jioni."