Tausi Asiyepakwa Rangi

Mabela nzima, hapo Maskati, hapakuwa na mtu akijua habari za chuma kama Bi Mahbuba. Akilisema hilo mwenyewe, tena bila ya kuulizwa, na akishalisema huongeza papo hapo kwamba mbuzi yake ya kukunia nazi imeliwa na kutu mpaka imebaki na meno machache kama yeye. Lakini hata mwenye mbuzi ya kutu ana macho, na macho ya Bi Mahbuba yalikuwa yakimtazama tausi wa mkwewe kila alasiri, na kila alasiri yakizidi kumdharau. Tausi akidharauliwa kidogo. Mkwe ndiye aliyekuwa akipata fungu kubwa.

Tausi mwenyewe, wa sanamu, alisimama katikati ya bustani ya mkwe huyo, Ghassan, kimo cha mtoto wa skuli, mkia kaufungua duara kama sinia la harusi. Ghassan alisema ni shaba tupu, kazi ya mikono ya Mtaliana. Mwezi wa kwanza mwaka ule aliaga kwamba ofisi yake ya Maskati inampeleka Milano kwa kazi, akakaa huko wiki nzima, na siku chache baada ya kurudi tausi naye akaletwa na pikapu, kalazwa chali juu ya magodoro. Ghassan alirudi pua inambambuka kwa jua na shingo imeiva kama andazi. Bi Mahbuba akamuuliza kama Italia kuna joto siku hizi. Ghassan akamwambia kwamba theluji nayo inaunguza, ni mambo ya sayansi hayo. Bi Mahbuba aliishia darasa la sita huko Unguja, akaona bila ya shaka theluji ilikuwa ikisomeshwa darasa la saba.

Picha hakuleta hata moja. Simu, alisema, iliganda kwa baridi. Kheiria, mkewe Ghassan na binti wa pekee wa Bi Mahbuba, aliletewa chokoleti akafurahi. Kheiria hufurahi upesi. Tabia hiyo hakuirithi kwa mamake.

Sasa, watu wa kwetu tuna maradhi yetu. Tukinunua makochi, ile nailoni yake hatuitoi. Watu wanakaa juu yake mwaka wa kwanza na wa pili, mapaja yanagandana, mgeni akinyanyuka kochi linalia kama paka, na bado nailoni haitoki mpaka ichanike yenyewe. Ghassan aliyachukua maradhi hayo akayatoa nje. Alimfunga tausi wake nailoni kuanzia kishungi mpaka kucha, akamzungushia kamba kiunoni, na akawa anamvua akija mgeni tu. Mgeni akishaondoka, tausi anavishwa tena. Bi Mahbuba alisema hajapata kuona ndege anayekaa eda.

Ukaja msimu wa joto. Hewa ya Maskati mwezi wa saba inatoka baharini imebeba maji na chumvi, miwani inaingia ukungu mtu akifungua mlango tu. Ndani ya nailoni tausi akawa anatoka jasho, jasho halina pa kwenda, linashuka mgongoni, linatuama kwapani. Ilipofika wakati wa kukaa nje tena, Ghassan akamvua, na tausi alikuwa mwekundu chini ya mbawa, miguuni, na kote zilikopita zile alama za kuunganishia vipande ambazo, kwa macho ya Bi Mahbuba, zilifanana sana na za mageti ya mtaani kwao.

Bi Mahbuba alimpa dawa bila ya choyo. Marehemu mumewe alikuwa na nyumba Unguja, madirisha yana nondo na yanatazama bahari, na kila mwaka kabla ya Ramadhani walikuwa wakizikwarua kwa msasa mpaka chuma king'are, wanafuta kwa kitambaa kikavu, wanapaka ile rangi nyekundu ya kuzuia kutu, ikikauka ndipo wanapaka ya urembo. Akamwambia Ghassan afanye vivyo hivyo, halafu ampake nta juu, na ile nailoni aitupe, ndege apumue.

Ghassan alicheka kile kicheko chake cha ofisini, kinachotokea puani.

"Shaba haipakwi rangi, mama," alisema. "Huo ndio uzee wake. Wazungu wanautafuta hawaupati."

Basi uzee ukaendelea. Ukateremka kutoka miguuni, ukaingia kwenye marumaru nyeupe alizotandika chini yake, ukaacha michirizi kama ya mtema tambuu asiye na adabu. Hapo Ghassan akaanza kutafuta mwenye kosa, na kwa kuwa hakuwa na desturi ya kuanzia kwenye kioo, alimpata upesi. Mwenye kosa alikuwa mwasumini.

Mwasumini huo ulikuwa wa Bi Mahbuba, umeota ukutani nyuma ya tausi. Alikuja nao kutoka Unguja kikonyo kimoja, kimefungwa katika kipande cha kanga kibichi ndani ya mkoba wake, siku alipochukuliwa kuja kukaa na mwanawe. Alikikata uani kwa mama yake, na ua ule leo ni maegesho ya magari, hakuna pa kwenda kukata kingine. Kila alasiri alikuwa akikaa chini yake anashona kofia, akichoka anachuma asumini, anatunga vikuba viwili. Kimoja cha nywele za Kheiria. Cha pili anakilaza kwenye mto wa pili wa kitanda chake, ule usiolaliwa na mtu.

Ghassan akatangaza mezani kwamba matone ya mwasumini ndiyo yanayoichafua shaba. Utomvu wa asumini na maji ya kumwagilia vikikutana na shaba vinatoa wekundu, alisema, ni jambo linalojulikana. Jumamosi atakuja mtu na msumeno. Kheiria akatazama sahani yake, akasema mama asihuzunike, watamnunulia mwengine mzuri zaidi, upo wa kwenye chungu. Bi Mahbuba alimaliza wali wake mpaka punje ya mwisho, na wanaomjua wangeogopa.

Jumatano alikuwa chini ya mwasumini wake anashona, sindano ikamponyoka ikaingia majanini, karibu na miguu ya tausi. Hilo kwake si jambo. Ana sumaku ndogo kaifunga kwenye uzi mrefu, anaiteremsha kama mvuvi, sindano inapanda yenyewe. Akaiteremsha. Sumaku haikufika chini. Ilikwenda upande, ikamrukia tausi pajani, ikang'ang'ania.

Bi Mahbuba akaivuta, akaiteremsha pengine. Ikashika. Akajaribu tumboni, kifuani, kwenye mkia. Kila pahala ikashika, kama mtoto aliyemwona mama yake sokoni. Akaingia jikoni akauchukua mdila wa kahawa, shaba ya zamani ya nyumbani kwao, akauwekea sumaku ubavuni. Sumaku ikateleza ikaanguka. Akaiweka tena, ikaanguka tena. Akakaa juu ya kibao cha mbuzi na kucheka peke yake mpaka ushungi ukamvuka.

Kumwambia Ghassan faraghani kungekuwa kumpa nafasi ya kutafuta maneno, na maneno ndicho kitu pekee ambacho mkwewe hakukosa nyumbani. Ijumaa alikuwa anakuja mgeni. Akangoja.

Mgeni alikuwa Hamoud, binamu yake Ghassan anayekaa Suhar, mtu mnene, mcheshi, gari yake inanuka chambo kwa kupenda kuvua. Hamoud haogopi kitu duniani ila ndege. Alipandishwa mara moja, mtoto mdogo, walipokuwa wakihama kutoka Unguja, akatapika kuanzia kuruka mpaka kutua, na toka hapo ameapa. Hata Salalah, mwendo wa siku nzima, anakwenda kwa gari. Makka alikwenda kwa basi, akarudi kwa basi, na anapenda kulihadithia basi lile. Siku ile pia alilihadithia, kwenye mkeka bustanini, halwa mbele yake, Bi Mahbuba anamimina kahawa na Kheiria anagawa vikombe.

Kahawa ilipozunguka, Ghassan akainuka kumvua tausi nailoni. Alifungua kamba polepole kama anayefunua bibi harusi, akatoa hotuba yake ya Mtaliana, mzee kipofu wa jicho moja, alivyolia kuachana na kazi yake. Mara ya mwisho kuhadithiwa, mzee huyo alikuwa na macho mawili.

Hamoud akauliza ule wekundu ni wa nini.

"Mwasumini huo," Ghassan akasema. "Kesho unakatwa."

Bi Mahbuba akaweka mdila chini.

"Ghassan, mwanangu," akasema, "sindano yangu iliangukia hapo miguuni kwa ndege wako. Hebu nipitishie sumaku, mimi kiuno hakiinami."

Mbele ya mgeni mtu hamkatalii mama mkwe. Ghassan akaupokea uzi akauteremsha. Sumaku ikamwendea tausi, ikagonga paja. Akaitoa. Ikagonga mguu. Akajaribu kwa upande wa pili, akiwa ameshaanza kuona haya, ikamrukia tausi pahala ambapo hata Hamoud alilazimika kutazama pengine.

"Kali hii sumaku," Ghassan akasema. "Wachina siku hizi wanatengeneza zinazoshika kila kitu."

"Hata shaba?" Bi Mahbuba akauliza.

"Hata shaba."

Bi Mahbuba akamsogezea Hamoud mdila. "Jaribu na huu, baba. Wa mama yangu. Hiyo ni shaba isiyofika Italia."

Hamoud, ambaye hakuona ubaya wowote katika mchezo huu, akaitoa sumaku kwenye tausi akaiweka kwenye mdila. Ikateleza ikaangukia mkekani. Akajaribu kwenye mdomo wa mdila, kwenye mkono wake, kwenye kifuniko. Akamtazama tausi, akautazama mdila, akaanza kucheka, halafu akaona uso wa binamu yake akajitia kukohoa.

"Basi yule mzee kanidanganya," Ghassan akasema.

"Maskini," Bi Mahbuba akasema. "Na jicho lake moja."

Akaeleza tena, kwa sauti ya upole iliyokuwa mbaya kuliko matusi, kwamba chuma hutoa kutu chenyewe, hakihitaji kusaidiwa na asumini. Kwamba maji ya kumwagilia yana mchango wake, hilo halikatai, atamwagilia kwa kopo badala ya mpira. Lakini aliyemtia ndege jasho ni nailoni, na aliyemnyima rangi si mwasumini. Hamoud akatikisa kichwa kuunga mkono. Ghassan akatikisa kidogo, kwa kukosa la kufanya, akasema huyo mtu wa msumeno atampigia simu asije.

Bi Mahbuba angeweza kuishia hapo, na alikuwa tayari kuishia. Alikwisha kunyoosha mkono kwenye halwa. Lakini Kheiria, ambaye hufurahi upesi, huwa pia anafikiri polepole, na alikuwa amefika.

"Tausi kama huyu," Kheiria akasema, "yupo mwenziwe njia ya viwandani. Kwa wachomelea mageti. Nnampita kila siku nikienda kazini, nikidhani wamemwiga wetu."

Akamgeukia mumewe.

"Ghassan, wewe Italia ulikwenda?"

"Nlikwenda. Vipi hujui kwamba nlikwenda?"

"Na nani?"

Hapo ndipo Ghassan alipoangalia huku na huku kama mtu aliyeteleza kwenye ngazi, na akashika kilichokuwa karibu.

"Muulize Hamoud," akasema. "Tulikuwa pamoja. Tulikaa viti vya jirani kwenda na kurudi, yeye dirishani."

Kheiria akakiweka kikombe chake mkekani. Bi Mahbuba akageuza shingo taratibu kumtazama mgeni, ambaye mdomo wake ulikuwa umejaa halwa na umeacha kutafuna.

"Ulikaa dirishani, mwanangu?" akamuuliza.

Hamoud akainamia sahani ya halwa, akawa anaitazama kama mtu anayetafuta humo mlango wa kutokea.