Viini Vinane

...vinane, muuzaji kasema vinane, na mjomba anaitikia kwa kichwa kana kwamba amezaliwa akivijua, basi binti yangu apewe vinane, na muuzaji keshaweka kiganja juu ya boksi, kiganja kizima, kama anayembembeleza mtoto asiamke, "Prosesa ya viini vinane, mzee, kama akili nane ndani ya kompyuta moja, hapo mwanao hasomi, anapaa," na Kimya, ndivyo wanavyomwita nyumbani tangu utotoni, amesimama nyuma ya bega la mjomba wake, bega lenye vitobo vidogo vya cheche kwenye shati, maana mjomba ni fundi wa kuchomelea vyuma na ametoka kazini moja kwa moja ili amnunulie kompyuta ya chuo, maneno anayasikia nusunusu, kasi... ya kisasa... wenzake wote..., huku neno analo, sivyo, mjomba, sivyo, na halitoki, halijawahi kutoka, tangu mama yake alipofariki na mjomba akamchukua akiwa na miaka saba ni mjomba anayechagua, viatu kachagua yeye, vikubwa, utakua navyo, mwanangu, akaburuza miguu mwaka mzima, na siku ile ya fomu za chuo karani kamwangalia yeye usoni, binti, unataka kusomea nini, mjomba akadakia, huyu ualimu, naye akatabasamu, akatia saini... na ameupenda, kusema kweli, ameupenda ualimu, hesabu hasa, lakini kuulizwa hakuulizwa, "Hata baada ya miaka kumi bado iko juu," anasema muuzaji, uongo, anajuaje huyu, ila hili Kimya analijua, hakusimuliwa na mtu, wiki mbili amekaa maktaba ya chuo na kompyuta mbili kando kando, moja ya viini vinane, ile mpya wanafunzi wanayoigombania, nyingine ya vinne ila memori yake, ile nafasi ya kushikilia kazi zilizofunguliwa, mara mbili, kafungua kwenye zote mambo yaleyale, insha yake, jedwali la maksi, video ya mhadhara, kurasa ishirini za mtandao, kisha kile kidirisha kinachoonyesha kila kiini kinavyojituma, vimistari vikipanda na kushuka, akaona kwa macho yake, viwili vinahangaika, viwili vinasaidia kidogo, vinne vimelala chali, mstari bapa, kama wageni waliokuja kusaidia msibani wakaishia kusubiri chakula, halafu hiyohiyo ya vinane ikaanza kukwama, si kwamba viini vimechoka, hata, memori ndiyo imejaa pomoni, na ile ya vinne jirani yake inateleza tu, akadhani bahati, akarudia, akaandika, akarudia tena, mara kumi na nne, mpaka mwenzake wa bweni, anayesomea uchoraji wa majengo, akamwuliza kama amechanganyikiwa, akaja kujaribu naye, akafungua mchoro wa jumba lake la ghorofa tisa na viini vyote vinane vikachemka kama sufuria, haya, kwa huyo vina kazi, huyo achukue hata kumi na sita, lakini mtu wa insha na maksi, mtu kama mimi...

"Tufungie hiyo," anasema mjomba, na muuzaji anavuta utepe wa gundi, krrr, na ile krrr inampita Kimya mgongoni, sasa, si sasa basi, hutasema tena, na sauti inatoka, ya nani hiyo, "Mjomba, sivyo."

"Sivyo nini?"

"Viini vinne vya ziada vitalala tu. Mimi nataka ile pale, ya vinne, yenye memori kubwa."

Muuzaji anacheka, "Dada, nane na nne, hata mtoto wa chekechea anajua kubwa ipi."

"Nani kakwambia hayo?" anauliza mjomba, hamwangalii muuzaji, anamwangalia yeye, amemwaibisha mbele za watu, mtu aliyemlea...

"Hakuna, mjomba. Nimepima mwenyewe. Mara kumi na nne."

Nimepima, loo, neno gani hilo kalitamka mbele ya fundi, huyu asiyekata chuma mpaka apime, huyu aliyewahi kubomoa geti zima kwa kuwa limepinda upana wa kucha, na jicho la mjomba limekuwa jembamba vilevile anavyolitupa kwenye maungio akitafuta ufa, anautafuta usoni mwake, hauoni, kisha anasogea kando, hatua moja tu, nafasi ya mtu mmoja mbele ya kaunta. "Basi mweleze huyu," anasema, "na mimi nisikie," na boksi bado liko pale, utepe unaning'inia, kiganja cha muuzaji hakijaondoka, hakuna kilichonunuliwa, ila Kimya yuko mbele, hakuna bega linalomziba, duka lote analiona, kumbe lilikuwa na mwanga hivi, na kwa nini aishie hapa, mwakani atamwambia mjomba anataka kuendelea na hesabu, shahada ya hesabu, atamwambia akimwangalia usoni, naye atauliza umepima, na atakuwa amepima... anapumua, hana haraka, "Kaka," anaanza, "hebu washa zote mbili."