Kina cha Royce

"Hapo umedanganya, shemeji."

Lorene alisema hivyo huku anamenya viazi, mgongo amenipa mimi. Nilikuwa jikoni kwake, hapa hapa Montana, Marekani, namsomea shairi nililomtungia marehemu mumewe Royce, mdogo wangu, aliyeangukiwa na farasi wake akafa uani kwao wakati ng'ombe wanazaa. Jumamosi nilitakiwa kulighani ukumbini. Wafugaji tunakusanyika kila mwaka, tunaghani mashairi yetu, tunacheka. Mimi ndiye wa kuwachekesha.

Nikarudia polepole:

*Farasi akateleza, Royce akadondoka,*
*kimya, pasi neno, roho ikamtoka.*

"Kina kimekaa," nikajitetea.

"Kimekaa, ndiyo. Ila Royce alisema."

Kisu kikasimama. Majira yote ya baridi nilihangaika na theluji ya shairi lile: mara nyeupe, mara bubu, mara nikaifuta kabisa. Mistari hiyo miwili sikuigusa, kwa jinsi ilivyolia vizuri. Na Lorene, aliyepiga magoti kwenye theluji yenyewe, hakuna aliyemuuliza kitu. Tulimpelekea vyakula tu.

"Aliniuliza kama maharage yanaungua," akasema. "Nikamwambia hayaungui, tulia. Na yalishaungua, Hoyt. Harufu tunaisikia wote wawili."

Nikamuuliza kama naweza kuyatia maneno hayo. Akajibu kwamba nisipoyatia, basi shairi lenyewe nisilisome.

Wiki ile maneno hayo yalinikomesha. Nikiyatafutia kina, yanageuka mzaha. Nikiyapamba, Royce anaongea kama mchungaji, wakati kanisani kazi yake ilikuwa kusinzia. Mwisho nikafuta *kimya*, nikafuta *roho*, nikayaacha maneno yake kama alivyoyasema, mstari unachechemea.

Jumamosi ukumbi ulijaa kofia. Nilipofika kwenye mstari ule, niliwaona wanasubiri kina, nyuso ziko tayari. Nikawapa maharage.

Mtu wa nyuma akacheka, maana ni mimi. Wengine wawili watatu wakamfuata. Sikuthubutu kutazama safu ya mbele, alikokaa Lorene na dada yake.

Ndipo Lorene naye akacheka, kwa sauti kubwa. Wale wa nyuma wakanyamaza. Yeye akaendelea kucheka, peke yake, mpaka dada yake akamshika mkono.