Barua Mbili za Adil

Kwa miaka arobaini nimewasomea watu wa mtaa wetu wa Buyenzi barua zao za Kifaransa, na hakuna aliyewahi kuniuliza kama nimesoma sawasawa. Ndiyo maana Ruqaya alinichagua mimi.

Mumewe Adil, fundi wa magari, alipatwa na saratani adimu ya mfupa, chini kabisa ya uti wa mgongo, mahali ambapo kisu cha daktari hakikuweza kufika. Daktari Régis alimwingiza katika majaribio ya dawa mpya kutoka Ubelgiji. Mwezi wa nne barua ikaja: dawa haikuzuia uvimbe, walipendekeza nyingine.

Ruqaya alinizuia mlangoni. "Mwalimu, umuambie inasaidia. Akijua, atakata tamaa."

Mapadri walionilea walinichapa kwa uongo mdogo kuliko huo. Hata hivyo nilisoma alivyotaka, kwamba ya kwanza inasaidia na ya pili ni ya kuiongezea nguvu, na Adil akameza dawa ya pili miezi minne, akitapika, vidole vikifa ganzi.

Jana asubuhi ikaja barua nyingine. Dawa ya pili nayo imeshindwa. Ipo ya tatu, lakini sharti akalazwe Nairobi miezi mitatu, na daktari hakuficha kwamba huenda miezi hiyo ndiyo yote aliyobakiza Adil.

"Soma kama siku ile," Ruqaya alinisihi.

"Hapana, mama. Safari hii tutaingia pamoja."

Adil alikuwa amelala ubavu. Nilimsomea kila mstari, nikamtafsiria, kisha nikakiri kosa langu la mwezi wa nne.

Alicheka mpaka akajishika kiuno. "Mwalimu, we unaongopa vibaya! Siku ile ulisoma bila miwani. Mi nikasema, huyu muzee amepata macho mapya, ama mutu amemutuma."

"Ulijua, nawe ukaendelea kumeza?"

"Bibi yangu alikuwa ameanza kucheka tena. Ningemunyanganya?"

"We mwanaume!" Ruqaya alifoka, machozi yakimtoka. "Mi nilikuwa nacheka juu we usivunjike moyo!"

Hapo sote watatu tuliona haya, kila mmoja kwa namna yake.

Adil alinyoosha mkono. "Lete barua. Mi nikitoa kipande ya zamani kwa gari, namupa mwenye gari mukononi, aone. Na huu mwili, mwenyewe ni mi."

Nikampa zote mbili. Hakujua Kifaransa, lakini alizitazama kwa muda mrefu.

"Nairobi apana," alisema. "Ile dawa ya maumivu inatosha, ile inafanya kazi. Na wale wa Ubelgiji, Mwalimu, uwaandikie: kwa Adil dawa imekataa. Wasimufiche mugonjwa mwengine."

Nilimtazama Ruqaya, nikitaraji apinge. Alijifuta uso kwa ncha ya mtandio, akachukua simu, akampigia Daktari Régis yeye mwenyewe, akamwambia kitanda cha Nairobi apewe mtu mwingine.