Kalenda ya Mama Karani

Dharau aliyokuwa nayo Mama Karani ingetosha mtaa mzima, lakini hakuwa mtu wa kugawa. Karibu yote alimwekea mkwewe.

Jina la Karani alipewa na majirani. Shule aliiacha darasa la tatu, ila kwa kuweka alama hakuwa na mpinzani. Jikoni kwake kulikuwa na kalenda kwenye msumari, penseli imefungwa pembeni kwa uzi, na jambo lolote likitokea ndani ya nyumba ile lilipata alama yake siku hiyohiyo. Gesi ikiisha, pembetatu. Mwanawe, dereva wa lori, akirudi kutoka safari, duara, maana siku hiyo lazima sufuria kubwa litoke kabatini. Na mkwe akifanya upuuzi wake, eksi, kama mwalimu anavyomwekea mtoto aliyekosa hesabu.

Mkwe mwenyewe aliitwa Fundi, na zamani jina lilimkaa. Alipoolewa alikuwa akimtazama mtoto anapita mlangoni, anakata sare bila kupima, na sare inaingia kama ilizaliwa na mwenyewe. Tena alikuwa na ulimi. Ukimrushia neno moja anakurudishia matatu, na Mama Karani, ingawa asingekubali hata kwa viboko, alikuwa akiufurahia ule ugomvi wa asubuhi.

Siku hizi Fundi alikuwa kituko. Alishona shati lenye mikono miwili ya kushoto, akampa mteja huku anatabasamu. Eksi. Aliweka sufuria motoni akatoka kwenda kuanika nguo, akasahau kama amewahi kupika maishani mwake. Eksi. Saa nne ya asubuhi, watu wazima wako kazini, yeye kalala, pazia limefungwa, kitambaa machoni, eti mwanga unamchoma. Eksi kubwa. Na siku aliyosahau kumfuata binti yake shule ya chekechea, mtoto akakaa na mlinzi wa geti mpaka saa tisa, Mama Karani alikandamiza penseli hadi karatasi ikatoboka.

"Nipe hiyo… hiyo ya…" Fundi alikuwa akisema, kidole kikielekea mezani.

"Hiyo ya nini? Haina jina? Mkasi! Umeushika miaka kumi, leo umeusahau jina kama shemeji usiyempenda?"

Fundi hakujibu. Alishika ukingo wa meza kana kwamba sakafu inataka kumponyoka. Na hilo ndilo lililomkera Mama Karani kuliko yote. Mtu unamtukana, hata hakasiriki!

Dereva ndiye aliyelipa jambo hilo jina. "Mama, huyu kichwa kimeruka. Namrudisha kwao. Mtoto nabaki naye, wewe utamlea."

Mjukuu huyo alikuwa na miaka mitano, na ndiye binadamu pekee ambaye bibi yake hakuwahi kumwekea eksi. Kwa hiyo Mama Karani hakuuliza mara mbili. Dereva alipeleka shauri ofisi ya ustawi wa jamii, akamwambia mama yake, "Shahidi wangu ni wewe na kalenda yako." Mama Karani akavimba kama andazi. Kumbe darasa la tatu nalo lina kazi yake.

Afisa wa ustawi alipoambiwa kwamba mwanamke huyo amechanganyikiwa, hakukurupuka. Aliagiza kwanza apimwe kliniki. Mama Karani akamsindikiza mkwewe, kalenda kaikunja chini ya kwapa, asije mtu akadanganywa.

Chumba walichoelekezwa kilikuwa mwisho wa ukumbi. Taa imezimwa, pazia limevutwa nusu. Muuguzi alikuwa mwanamke mfupi, miwani yake imeungwa kwa plasta.

"Hata umeme hamna?" Mama Karani akauliza kabla hajakaa.

"Upo. Wanaokuja chumba hiki mwanga unawaumiza."

"Kwani wako wengi?"

"Jumatano huwa tunakaa kumi na wawili. Kuna mwalimu, kuna mkulima, kuna askari. Wote waliambiwa ni wavivu."

Mama Karani alibetua midomo. Askari mzima!

Muuguzi akamgeukia Fundi, akamuuliza swali moja, akanyamaza. Hakurudia, hakuhimiza. Alikaa kama mtu anayesubiri chungu kichemke. Mama Karani hakuweza kuvumilia, akajibu yeye.

"Mama," muuguzi akasema kwa upole, "mdomo wako nitauhitaji baadaye."

Hakuna aliyewahi kumwambia hivyo toka alipozikwa mumewe. Akafunga mdomo kwa mshangao.

"Umewahi kugongwa kichwa?" muuguzi akauliza.

Fundi alitazama mlango, akamtazama mama mkwe, akatazama chini. "Huwa… najigonga."

"Kwenye nini?"

"Ukuta."

"Mwenyewe?"

Fundi alijivutia kitambaa kichwani. Hapo Mama Karani aliona ameshakaa bila kusema muda wa kutosha. "Usimtie maneno mdomoni! Mwanangu si mnyama. Hampigi mtu usoni. Mtazame mkono, mtazame mguu, hana kovu hata la kusingizia. Mwili kama yai!"

Muuguzi hakubishana naye. Alimwomba Fundi ruhusa, akamfungua kitambaa, akaachanisha nywele taratibu. "Lete vidole vyako, mama."

Mama Karani alivileta kwa maringo, akitaka kumaliza ubishi. Chini ya nywele akakuta vinundu. Kimoja hapa, kingine nyuma ya sikio, kingine bado laini, na Fundi alipoguswa hapo aliruka. Mama Karani akarudisha mkono mapajani, akaufuta kwenye kanga kama aliyeshika kitu cha moto.

"Kalenda hiyo ni ya nini?" muuguzi akauliza.

Hapo alipata nguvu. Akaikunjua mezani. "Makosa yake yote. Sitii chumvi. Kila eksi ni siku."

"Na duara?"

"Mwanangu karudi safari."

Muuguzi alitazama ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu. Kisha akaigeuza kalenda, akamsogezea. "Nisomee wewe. Macho yangu mabovu."

Mama Karani akaanza kwa sauti ya darasani. "Tarehe tatu, duara. Tarehe nne, eksi. Tano, eksi. Sita, eksi. Saba, eksi. Nane, hamna. Tisa, hamna. Kumi na tano, duara. Kumi na sita, eksi. Kumi na saba…" Sauti ikaanza kushuka. Akafunua ukurasa mwingine. "Tarehe mbili, duara. Tatu, eksi. Nne…" Akafunua mwezi ambao lori liliharibika mbali, Dereva akakaa huko wiki tatu. Eksi zilikuwa mbili. Mbili tu. Mwezi huo, akakumbuka, Fundi alishona sare ishirini, na asubuhi moja alimjibu neno.

Darasa la tatu si darasa la mwisho, lakini mjinga hakuwa. Alitazama alama alizoziweka kwa mkono wake mwenyewe.

"Ubongo ni laini," muuguzi alikuwa akisema, "umekaa ndani ya fupa gumu. Kichwa kikigongwa ukutani, mtu akitikiswa, akikabwa shingo mpaka hewa imkose, unaumia, hata kama nje hakuna tone la damu. Wakati mwingine hata picha ya hospitali haioneshi. Na kabla haujapona anagongwa tena. Maneno yanampotea, mwanga unamchoma, kelele zinamchosha, sakafu inacheza. Huyu si mvivu, mama. Huyu ameumia."

"Angeweza kusema," Mama Karani akanong'ona.

"Angemwambia nani?"

Muuguzi aliandika barua ya kupeleka ustawi, kisha akamgeukia Fundi: avae kofia juani, apumzike kabla hajachoka na siyo baada, vitu vya siku avichore kwenye ubao mdogo karibu na mlango, na aje Jumatano. Alimwambia kimoja, akasubiri, ndipo akataja kingine. Usiku ule kalenda haikurudi msumarini.

Siku ya shauri, Dereva alikuja na viatu vinavyong'aa na manukato yaliyomtangulia mlangoni. Mama Karani alimtazama anavyokaa, mguu juu ya mguu, anavyotafuna ubani. Miaka yote hiyo aliuona huo kuwa ndio uanaume. Leo alimwona kama jogoo wa plastiki.

Afisa alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ya chini. Alisoma barua ya muuguzi, akainuka akazima feni iliyokuwa ikilia juu yao, akasema, "Mtasema mmoja mmoja, na polepole."

Dereva akasema. Lo, alijua kusema! Yeye ni mtu wa amani. Yeye huyo mwanamke hamgusi. Anajiangusha mwenyewe, anajigonga mwenyewe, anasahau mtoto kama mwavuli. "Ni hatari kwa mwanangu. Siyo maneno yangu mimi. Mama yangu ameandika yote, mwaka mzima. Mama, waoneshe."

Fundi alikaa na kofia yake, mikono mapajani. Hakumtazama mama mkwe. Huenda alishajua kinachokuja, kama alivyojua siku zote.

Mama Karani akasimama. Dharau ilikuwepo tele, na safari hii ilijua pa kwenda.

"Duara ni siku huyu aliporudi nyumbani," akasema. "Eksi ni siku mke wake aliposhindwa kukumbuka, kusimama au kuona. Naomba mhesabu wenyewe eksi zinafuata nini."

Akaiweka kalenda mezani. Afisa akafunua ukurasa, kidole kikatembea, kikasimama, kikatembea tena. Dereva aliacha kutafuna.

"Mama," afisa akauliza, "kati ya duara na eksi, kilitokea nini?"

"Redio."

"Redio?"

"Ukuta wa chumba chao na changu ni mmoja. Nilikuwa naongeza sauti ya redio."

Fundi aliinua uso kwa mara ya kwanza.

Dereva akaruka juu. "Mama, unajua unachosema? Mimi mwanao! Amekulisha nini huyu? Unanitupa kwa ajili ya mwehu?"

"Kaa chini," Mama Karani akasema. "Mtu mzima na viatu vyako, unapigana na mwanamke anayeshona sare za watoto. Tena una akili ya kuchagua penye nywele! Mwehu ana afadhali, hachagui."

"Utakufa, utakosa wa kukuzika!"

"Majirani watanizika. Mikono yao inajua kuchimba ardhi, si kugonga vichwa."

Afisa aligonga meza mara moja, Dereva akakaa. Kisha akaandika muda mrefu, akawasomea: mtoto anabaki na mama yake, baba asikanyage wanapoishi, na habari ya kipigo inakwenda polisi siku hiyohiyo, na kalenda inakwenda nayo.

Nje ukumbini, dada yake Fundi alikuwa akingoja na mtoto. Mjukuu alimkimbilia bibi yake, akamkumbatia magoti, akarudi kwa mama yake. Mama Karani alisogea.

"Rudi nyumbani, mwanangu. Yeye namtoa leo hii. Nitapika, nitamfuata mtoto shule, wewe lala mpaka utakapotaka."

Fundi alifungua mdomo. Neno halikuja. Alikunja uso, akalitafuta, na Mama Karani, aliyekuwa amezoea kuwakamilishia watu maneno, akajizuia akangoja. Alidhani anajua ni lipi. Alikuwa ameshaanza kuandaa jibu la unyenyekevu.

"Mwoga," Fundi akasema.

Halikuwa na hasira. Lilikuwa neno lililopatikana tu.

"Ndiyo," Mama Karani akasema.

"Usiniite mwanangu."

"Sawa."

"Nakaa kwa dada. Mtoto… utamwona. Jumapili. Asubuhi, kichwa kikiwa… kikiwa kizuri. Uje peke yako."

"Nitakuja."

Fundi alishusha kofia usoni, akamshika binti yake mkono, wakatoka polepole pembeni mwa ukuta penye kivuli. Dada mtu alipita mbele ya Mama Karani bila salamu, na Mama Karani hakuona cha kudai.

Dereva alikuwa kwenye ngazi, anamngoja askari kwa uso wa mtu aliyeonewa. Akamwona mama yake, akalainisha sauti ile iliyokuwa ikimyeyusha tangu ana meno ya maziwa.

"Mama, haya basi, yameisha. Askari wakishaniandika, twende zetu nyumbani."

"Nyumbani kwa nani?"

Akacheka kidogo, akidhani ni mzaha. Mama Karani hakucheka. Alinyoosha kiganja mbele yake, mbele ya watu wote wa ngazi ile, akakiacha hapo.

"Ufunguo."